Kati ya Kiganja na Kifua

Germana alikuwa na sikio moja lililokufa na jingine nusu, lakini kwenye machimbo ya Nzogole yeye ndiye aliyekuwa akisikia kwa niaba ya watu wote.

Nzogole ni kilima cha mawe nje ya Dodoma. Unaipita Nkuhungu, unaendelea mpaka nyumba mpya zinaisha na miiba inaanza, ndipo unakiona kimekaa peke yake, ubavu mmoja umeshaliwa. Mji unajengwa, na kila ghorofa linaloinuka mjini lazima kilima fulani kipungue. Wanaume walitoboa mwamba, wakaupasua kwa baruti. Wanawake walikaa chini juani, mpira wa gari umekunjwa kuzunguka jiwe ili vipande visiruke, wakagonga mpaka jiwe likawa kokoto. Malori yalikuja, yakabeba, yakaacha vumbi.

Germana alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro, kule Chemba. Utotoni alishikwa na homa iliyomlaza msimu mzima wa kilimo. Alipoinuka, sikio la kushoto halikuinuka naye. La kulia lilikuja kuliwa baadaye, kidogo kidogo, na nyundo na baruti. Mumewe alifariki mapema. Yeye akaja mjini na mtoto mgongoni, akapanga chumba Chang'ombe, akafua nguo za watu, akauza karanga za kukaanga, mwisho akaangukia kwenye kokoto na hapo akabaki. Alikuwa mfupi, mabega mapana, kucha za mkono wa kushoto zimeota vibaya kwa kupigwa na nyundo. Ukitaka kusema naye ulizunguka upande wa kulia. Ukisahau, ulijibiwa na kimya, nawe ukadhani anaringa.

Yule mtoto wa mgongoni ndiye Noeli. Sasa alikuwa mwanaume wa miaka ishirini na kitu, mrefu kumpita mama yake kwa kichwa kizima, mtoboaji wa mwamba palepale Nzogole.

Kazi ya Germana ya kusikia ilianza hivi. Fundi wa baruti alikuwa Hassani, Mrangi wa Kondoa, mtu mwembamba asiyekosa kofia yake ya kiua. Kila siku ya kupasua, Hassani alishindilia baruti kwenye mashimo, akazikata tambi za kuwashia kwa urefu unaopishana kidogo ili mashimo yalipuke moja baada ya jingine, yasilipuke kwa pamoja. Watu wote walijificha nyuma ya jiwe kubwa lililolala kama ng'ombe anayecheua, hatua chache tu kutoka kwenye kazi. Hassani aliwasha, akakimbia, akajitupa nao huko nyuma ya Jiwe la Ng'ombe. Kisha watu walihesabu.

Kuhesabu ndiyo kulikuwa uhai wao. Kama yamewashwa mashimo saba, lazima isikike mishindo saba. Ikisikika sita, basi kuna shimo limelala, baruti nzima imo ndani inasubiri mtu aigonge. Hapo hakuna aliyekanyaga mpaka kesho yake, na kesho yake aliingia Hassani peke yake.

Hassani mwenyewe hakuweza kuhesabu. Alifika pale anahema, na moyo wake ulikuwa unapiga mishindo yake mwenyewe. Wengine walihesabu kwa masikio, wakagombana kila mara, maana ng'ambo kulikuwa na mgongo mwingine wa mwamba na mwangwi ulirudi kutoka huko. Huyu alisema saba, huyu nane, yule akaapa kuwa ni tisa.

Siku moja wamegombana hivyo, Germana akasema, "Sita."

Wakacheka. Editha, jirani yake wa Chang'ombe aliyekaa naye kugonga kila siku, akamsogelea upande wa kulia. "Wewe dada, umesikia sita kwa sikio lipi?"

"Sikutumia sikio," Germana alisema. Alikuwa ameweka kiganja juu ya Jiwe la Ng'ombe. "Limenipiga mara sita."

Kesho yake Hassani aliingia peke yake, akatoka na utambi ulioungua nusu. Kisha akavua kofia, akajifuta jasho.

"Nyie Wasandawe bwana! Babu zenu walikuwa wanalala kifudifudi porini wasikie swala anakanyaga wapi. Kumbe damu bado ipo."

"Na nyie Warangi mnasikia kwa tumbo," Germana akamjibu. "Sufuria ikifunuliwa Kondoa, wewe huku umeshanawa mikono."

Tangu siku hiyo alihesabu yeye. Akimaliza aliinua mkono juu, na mkono ule ukiinuka watu walijua njia ni salama. Mwangwi haukumsumbua, kwa kuwa mwangwi hurudi kwa hewa ukiwa umechoka, wala haukumfikia kwenye jiwe.

Lakini pale Nzogole palikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua. Anayehesabu humtanguliza mtu wake. Kama ni baba, aingie mwanawe kwanza. Kama ni mke, aingie mumewe. Walisema ukimweka mtu wako mbele huwezi kuhesabu huku unasinzia. Kwa hiyo kila mkono wa Germana ulipoinuka, Noeli alichukua mtaimbo wake na kwenda mbele ya wote, peke yake, kuangusha mawe yaliyolegea juu ya ukuta. Wengine walimfuata akishapiga mluzi.

Germana hakuipenda sheria ile, ila hakuwahi kuipinga. Alihesabu vizuri zaidi kwa sababu yake.

Jumapili moja mchana, wamekaa mlangoni kwao wanakula ugali wa uwele na mlenda, Germana akamuuliza mwanawe jambo lililokuwa likimkera siku nyingi.

"Noeli, hivi ile baruti inafikaje mkononi mwangu? Jiwe la Ng'ombe halisogei. Nimelitazama."

Noeli alikuwa ameishia kidato cha pili, lakini yale machache aliyoyapata shule aliyashika. Akanawa vidole, akafikiri.

"Unalikumbuka benchi la zahanati, mama? Watu wamekaa wamebanana mpaka pumzi haipiti. Wa mwisho kule akijisogeza kwa nguvu, huku wa mwanzo anaanguka chini. Si ndiyo?"

"Mimi nimeshaanguka."

"Sasa yule wa mwisho amekuja mpaka kwako?"

"Hajaja. Kakaa kulekule kama hajafanya kitu."

"Basi kilichosafiri ni nini?"

"Ukorofi," Germana akasema.

Noeli akacheka mpaka akapaliwa. "Kilichosafiri ni msukumo. Kila mtu anasogea kidogo, anamsukuma mwenzake, halafu anarudi palepale alipokuwa. Jiwe nalo ni hivyo, ndani limebanana sana. Baruti inampiga wa kwanza, wa kwanza anampiga wa pili, hivyo hivyo mpaka kwenye kiganja chako. Jiwe lenyewe linabaki mahali pake. Linapitisha habari tu."

"Na hewa?"

"Hewa nayo ni watu, ila wamesimama mbalimbali kama watu wasiopendana. Mpaka huyu amfikie yule ampige, na yule amfikie mwingine, muda umeshapita. Ndiyo maana hewani habari inachelewa."

"Na mchanga je? Nikiweka mkono kwenye mchanga sipati kitu."

"Mchanga ni walevi. Unamsukuma mmoja, anaangukia pembeni. Habari inafia hapo."

"Walevi!" Germana alisema, akatikisa kichwa. Alimwangalia mwanawe akichovya tonge. Alitamani marehemu mumewe angemsikia.

Hawakuendelea zaidi ya hapo. Ugali ulikwisha, Noeli akaenda kucheza bao.

Kilichobadilisha mambo ni bati. Nyumba zilikuwa zinakisogelea kilima mwaka hadi mwaka, na siku moja jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi liliruka, likatoboa paa la nyumba mpya, likatua sebuleni kwenye zulia. Ilikuwa bahati tu kwamba sebuleni hapakuwa na mtu. Watu walikuja na maneno makali. Gaudence, msimamizi wa machimbo, mtu wa pikipiki na simu mbili, aliwapoza, kisha akawaita wachimbaji.

"Kuanzia sasa hakuna kujificha hapa karibu," alisema. "Jiwe likienda mpaka kule kwenye nyumba, nyie hapa siku moja mtafagiliwa wote. Tunavuka korongo. Tunakaa nyuma ya mgongo wa ng'ambo."

"Kule ni mbali, bosi," Noeli akasema. "Mama atapata kitu kweli?"

Wakamgeukia Germana, wakamrudia maneno kwa sauti. Germana akasema ataangalia. Akaenda mwenyewe. Alishuka kwenye korongo lenye mchanga mkavu, akapanda upande wa pili, akapapasa ule mgongo wa mwamba kama mtu anayempapasa punda anayetaka kumnunua. Akamwomba Noeli abaki kilimani agonge mwamba kwa nyundo kubwa. Noeli akagonga. Nyundo ile ikamfikia Germana kiganjani, nyembamba lakini safi, imepita chini ya mchanga wote ule. Mwamba ulikuwa mmoja.

"Napata," aliwaambia aliporudi. "Afadhali hata kuliko Jiwe la Ng'ombe."

Na hilo lilikuwa kweli. Wote wakaridhika. Uangalifu wa Gaudence nao ulikuwa wa haki kabisa, usidhani vingine. Mtu mbali na baruti ni mtu salama. Nani angewaza kwamba umbali wenyewe una mtego wake?

Siku ya kwanza ya kupasua kutoka ng'ambo palikuwa na upepo kidogo na jua kali. Lori lilikuwa limeshasimama barabarani likisubiri mawe ya msingi, dereva amelala miguu nje ya dirisha. Hassani alitengeneza mashimo saba. Alikata tambi ndefu kuliko kawaida kwa kuwa sasa mbio zilikuwa ndefu, ila alizipishanisha kwa kipimo kilekile cha siku zote, shimo na shimo, sawasawa. Alikuwa fundi wa kweli. Mishindo yake ilikwenda kama mtu anayetwanga bila haraka.

Watu wakavuka korongo, wakakaa nyuma ya mgongo, migongo yao imeegemea mwamba, nyuso zimetazama upande wa pili. Kutoka pale kilima hukioni. Germana akakaa karibu na Noeli, akaweka kiganja. Hassani akaja anahema, akaanguka pembeni yao.

Kikapita kimya.

Kisha kiganja kikapigwa. Moja. Kikapigwa tena, na kifua nacho kikasukumwa na hewa, pamoja. Mbili. Kiganja na kifua, tatu. Nne. Tano. Sita. Germana alihesabu kwa midomo, kama kawaida yake. Alikuwa amezoea kupigwa mkononi na kifuani kwa wakati mmoja. Miaka yote nyuma ya Jiwe la Ng'ombe vilimjia hivyo, kama miguu miwili ya mtu anayeruka kwa pamoja.

Halafu likaja la mwisho. Hilo lilimpiga kifuani tu, laini. Kiganjani hapakuja kitu.

Saba, midomo yake ilisema.

Alibaki amekaa. Mkono hakuuinua mara moja. Alikitazama kiganja chake kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Vipi Mama Noeli?" Gaudence akauliza kwa sauti upande wa kulia. "Zimetimia?"

"Mimi nimesikia sita," Editha akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mtoboaji mmoja aitwaye Silvano, mwenye mdomo mrefu kuliko wote pale, akasema, "Wewe Editha na masikio yako! Si wewe uliyesikia vigelegele ukavaa gauni la harusi, kumbe watu wanafukuza nyoka?"

"Nasema nilichosikia. Sita."

"Siku zote unasikia tisa, leo sita. Umefunga?"

Wakacheka tena. Hata Editha akacheka, akampiga Silvano kwa upande wa khanga.

Germana hakuwa amesikia mzaha wote, ila aliona midomo ya Editha inasema sita, naye akasita. Kuna kitu kilimgusa akilini kikapotea. Kama angekaa nacho kidogo, angekipata: mwangwi huongeza. Haujawahi kupunguza. Masikio ya Nzogole yalidanganya kila siku kwa kuzidisha, na leo kwa mara ya kwanza sikio limepunguza. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na kwa miaka kiganja chake kilikuwa sahihi na masikio yao yakawa kichekesho. Akajiambia, kule ni mbali, shimo la mwisho limefika limechoka.

Noeli akainama, akamsogezea mdomo sikioni. "Mama, una uhakika?"

"Saba," Germana akasema. Akainua mkono.

Walisubiri moshi uishe kama desturi. Silvano alipanda juu, akachungulia, akasema kumekuwa kweupe. Noeli akachukua mtaimbo. Alimgusa mama yake begani kwa ncha za vidole, kama alivyozoea, akashuka korongoni, nyayo zake zikizama kwenye mchanga. Akapotea nyuma ya mgongo.

Watu wakaanza kujinyoosha. Mmoja alimwamsha dereva kwa kumpigia simu. Editha alikuwa anafunga khanga upya, anaendelea kubishana na Silvano. Germana alikuwa amevua kandambili kutoa mwiba, ameshikilia mwamba kwa mkono ule mwingine asianguke.

Kiganja kikapigwa.

Mshindo mmoja, mkavu, kutoka ndani ya jiwe.

Akainua macho. Editha alikuwa bado anacheka, meno yote nje. Silvano amenyoosha kidole. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyeshtuka, ndege mmoja alikuwa ametulia kwenye kijiti. Hawakuwa wamesikia. Habari ilikuwa bado iko njiani, inatembea hewani kutoka mtu hadi mtu, polepole, nayo kwa Germana ilikuwa imeshafika. Muda ule ni wa kuvuta pumzi moja tu. Lakini aliyewahi kuukaa anajua urefu wake. Katika muda ule, juu ya mgongo wote ule, mtu mmoja tu alijua kwamba Noeli amepigwa, na mtu huyo ni mama yake.

Kisha kifua kikasukumwa, ndege akaruka, na Editha akapiga yowe.

Mara mbili. Shimo moja lilikuwa limempiga mara mbili, mkononi kwanza, kifuani baadaye. Hapo ndipo alipoyaona yote kwa mkupuo, kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni. Mishindo ya Hassani ilipishana kwa muda uleule ambao hewa ilichelewa. Kifua cha shimo la kwanza kilikuwa kimelalia mkono wa shimo la pili, kifua cha pili kikalalia mkono wa tatu, na kifua cha shimo la sita kikabaki mwishoni peke yake, hakina mkono. Hicho ndicho alichokiita cha saba.

Alikimbia bila kandambili.

Sitaeleza walichokikuta. Noeli alikuwa amesimika mtaimbo kwenye ufa chini ya ukuta, palepale lilipokuwa shimo lililolala. Walimweka juu ya turubai, wakampandisha kwenye lori lililokuja kubeba mawe, na Hassani alikaa naye nyuma akimshikilia kichwa. Germana alikaa miguuni. Waliingia Nkuhungu, dereva anapiga honi mfululizo, watu wanapisha barabara. Germana hakusikia honi. Aliuweka mkono wake kifuani kwa mwanawe, na mkono ule ulimwambia kabla mtu mwingine hajasema. Hawakuwa wamefika hospitali.

Alizikwa Kwa Mtoro. Machimbo yalisimama kwa siku za msiba, na Gaudence alikuja na turubai, viti na magunia mawili ya mchele. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Siku ya kuondoka alimwita Germana pembeni, yeye na Hassani.

"Mama Noeli, pole sana. Nataka ujue jambo moja. Kule ofisi ya mtaa wameniuliza, na nimeshawaambia kwamba marehemu aliingia kabla ya ishara. Kijana alikuwa na haraka. Basi. Hakuna atakayekugusa wewe wala fundi hapa."

Hassani alikuwa anatazama chini. Germana akaomba arudie, akarudiwa.

"Noeli hakuwa na haraka," akasema.

"Najua. Lakini nakusaidia, mama yangu."

"Unanisaidia kwa kumfanya mwanangu mjinga?"

"Hapana, sivyo..."

"Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Nikainua mkono, mkauona wote. Alikwenda kwa mkono wangu huu." Aliunyoosha mbele yao, kiganja juu. Gaudence akaangalia pembeni.

Maneno huenda haraka kuliko lori. Germana aliporudi Chang'ombe aliyakuta yameshamtangulia. Bombani aliona midomo ikisema vijana wa siku hizi hawasikii la mtu, na mwanamke mmoja aliyemjua vizuri alimpa pole kisha akaongeza, masikini, angesubiri tu kidogo. Editha alimkata huyo mwanamke neno, lakini utawakata wangapi? Noeli, aliyeuliza wakati wengine wanacheka, ndiye aliyekuwa anakumbukwa kama mpumbavu.

Basi asubuhi moja Germana akajifunga khanga mbili, akaenda Nzogole. Kazi ilikuwa imeanza tena. Hakwenda kwenye nyundo yake. Alimwendea Hassani.

"Nitobolee shimo moja," alisema. "Weka baruti kidogo. Moja tu."

Gaudence akaja mbio. "Mama, baruti si mchezo. Na watu wako kazini."

"Wavuke wote. Waweke mikono."

"Ili iweje?"

"Bosi," Hassani akasema taratibu, "hiyo baruti naitoa mimi." Alikuwa hajamwangalia Germana usoni tangu siku ile ya lori. Sasa alimwangalia. "Nitatoboa mwenyewe."

Wakavuka korongo. Hakuna aliyetania. Silvano, ambaye midomo yake haikuwahi kupumzika, alitembea mwisho kabisa. Walikaa nyuma ya mgongo wamepangana, Germana akapita akimshika kila mmoja mkono na kuubandika kwenye mwamba, kama mtu anayebandika mikate kwenye tanuri. Akafika kwa Gaudence. Gaudence alisita, akaweka simu mfukoni, akabandika wa kwake. Germana mwenyewe alikaa mwisho na kukunja mikono yake miwili mapajani.

Hassani akaja anakimbia, akaketi, naye akaweka kiganja.

Kikapita kimya.

Germana alizitazama nyuso. Aliona mshindo ukiwafikia: mikono yote ilishtuka kwa pamoja. Aliwaona wakikaa na mshtuko ule, macho yamewatoka, hakuna sauti, muda wa pumzi moja. Kisha akauhisi kifuani kwake, nao wakaruka tena.

Akasubiri. Kisha akauliza, "Ngapi?"

Silvano alikuwa amefunika uso.

"Mbili," Editha akasema mwishowe, sauti imekatika. "Dada, ni mbili."

"Nimewasha moja," Hassani akasema. "Wallahi, nimewasha moja."

Ikawa kama watu wamepigwa mara ya tatu. Mmoja mmoja walianza kuhesabu kwenye vidole, saba na sita, mkono na kifua, na kila aliyefika mwisho wa hesabu aliushusha mkono. Gaudence ndiye aliyechelewa zaidi. Alipomaliza alikitoa kiganja kwenye mwamba polepole, akakifuta kwenye suruali.

"Kwa hiyo hakuingia mapema," akasema.

"Sema kwa nguvu," Germana akamwambia. "Sisikii."

Gaudence akazunguka upande wa kulia. "Noeli hakuwahi kuingia kabla ya ishara! Alifuata utaratibu. Tulikosea sisi, wote."

"Mimi nilikosea. Nyie mlicheka." Germana akasimama, akajipangusa vumbi. "Sasa nenda ukayaseme hayo kulekule ulikosema yale mengine."

"Nitakwenda. Jioni nikitoka hapa..."

"Sasa hivi."

Gaudence akatazama watu, akitafuta wa kumwonea huruma. Hakumpata. Hassani alikuwa ameshaanza kushuka korongoni kuelekea ilipoegeshwa pikipiki.